Namna ya Kukusanya na Kuuza Vipuri vya Ndege za Vita Ukiwa Tanga

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Tanga, au anayepita mara kwa mara Muheza, Korogwe, Pangani na Bagamoyo, ambaye ameanza kukutana na vipande vya ndege za zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na katika karakana za mashamba ya mkonge, na anataka kujua avinunue vipi, avitunze vipi na avipeleke wapi. Kinachouzwa katika biashara hii si alumini wala shaba nyekundu, bali ni ushahidi kwamba kipande fulani kilitoka kwenye ndege ya aina fulani, ya wakati fulani, na kikafika hapa kwa njia inayoelezeka. Kipande kisicho na ushahidi huo hurudi kwenye mzani wa skrepa kikapimwa kwa kilo, hata kama kweli kiliwahi kuruka vitani.

Hatua ya kwanza: zijue ndege zilizowahi kufika pwani hii

Anza na historia kabla ya kutoa shilingi, kwa sababu karibu kila muuzaji atakupa kipande pamoja na hadithi, na hadithi ndiyo inayopandisha bei. Inayosikika zaidi Tanga ni ile ya ndege iliyoangushwa katika mapigano ya mwaka 1914. Mapigano hayo yalikuwa ya kuanzia tarehe 3 hadi 5 Novemba 1914, kati ya kikosi cha Waingereza na Wahindi wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, na askari wapatao 1,000 wa kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck. Waingereza waliporudi melini waliacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000, lakini hawakuacha ndege hata moja, kwa kuwa hakuna upande uliokuwa nayo katika mapigano yale. Mtu akikuonyesha bamba la alumini na kuapa kwamba babu yake aliliokota Ras Kazone siku ya vita vya nyuki, kama mapigano hayo yanavyoitwa pia, msikilize kwa adabu, lakini usilipie hadithi hiyo.

Ndege za Vita Kuu ya Kwanza katika pwani yetu zilianza kazi kusini zaidi, kwenye delta ya Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha. Novemba 1914 Waingereza walileta ndege ya majini ya Curtiss iliyorushwa na rubani wa kiraia, Dennis Cutler, na mwanzoni mwa 1915 zikafuata ndege za Sopwith, ambazo gundi yake ilishindwa kustahimili joto na unyevu wa huku, kisha ndege za Short. Baadaye uwanja ulitengenezwa kisiwani Mafia kwa ajili ya ndege za Henri Farman na Caudron, na ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli Severn na Mersey hadi Königsberg ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Upande wa kaskazini, kikosi cha anga cha 26 cha Waingereza, chenye marubani wengi kutoka Afrika Kusini, kilifika Mombasa mwanzoni mwa 1916 kikiwa na ndege za B.E.2c na Henri Farman, kikawasindikiza askari wa Jenerali Smuts walioteremka kufuata mto Pangani na reli ya Usambara. Tanga ilichukuliwa na Waingereza Julai 1916, na Bagamoyo mwezi uliofuata.

Mkusanyaji anapaswa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya ndege hizo ilikuwa ya mbao, kitambaa cha kitani na nyaya. Mchwa na mvua za masika havikuacha kitu cha mbao. Kinachoweza kubaki ni vipande vya injini, vikaza-waya vya shaba au chuma, na viungio vya pembe za mabawa. Kwa hiyo bamba pana la alumini lenye safu za riveti haliwezi kuwa la wakati huo. Ni la miaka ya 1930 na kuendelea.

Vipande vingi tunavyoviona Tanga vina asili nyingine kabisa. Shirika la ndege la East African Airways lilianza mwaka 1946 kwa ndege ndogo za de Havilland Dragon Rapide, baadaye likatumia Dakota, na likavunjika mwaka 1977. Dakota ni ndege ya uchukuzi ya vita: ziliundwa zaidi ya 10,000, nyingi zikauzwa kwa mashirika ya kiraia baada ya 1945. Mafundi wa shirika hilo walistaafu, wengine wakarudi Tanga na masanduku ya zana na vipuri. Kuna pia vifaa vya ziada vya jeshi vilivyoletwa Tanganyika kwa mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951, ambavyo vilisambaa nchini mradi ulipokufa: dainamo, redio, swichi, geji. Kipande cha namna hii ni halali kuitwa cha wakati wa vita endapo tarehe yake inaonyesha hivyo, na si lazima kiwe kilipigana.

Hatua ya pili: maliza suala la sheria kabla ya suala la bei

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863. Ndege haimo katika kundi hilo, na hapo ndipo wengi huishia kusoma na kujiona wako huru. Sheria hiyo hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza maeneo na vitu vya baadaye kuwa vya kuhifadhiwa, na inakataza kuchimba mabaki ya kale bila leseni. Kwa sababu hiyo, unapokuwa na kipande chenye uzito wa kihistoria, hasa cha Vita Kuu ya Kwanza, andika barua kwa Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ambatisha picha, na uombe jibu la maandishi kwamba hakuna pingamizi la kukiuza au kukitoa nchini. Jibu hilo litakufaa mara mbili: litakulinda wewe, na litamtuliza mnunuzi wa ng'ambo ambaye siku hizi huuliza karatasi kabla ya kuuliza bei.

Usichimbe mahali ndege ilipoanguka. Penye mabaki ya ndege huenda pana mabaki ya watu, na mfupa ukionekana kazi inasimama, polisi wanaarifiwa, na hakuna kinachoondolewa. Makaburi ya vita yaliyopo Tanga, ambayo yanatunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, si mahali pa kuokotea kitu chochote, hata kifungo cha shati. Baharini hali ni hiyo hiyo: Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa 2009, ina kanuni zake, na mvuvi anayenasa kipande wavuni ndani ya hifadhi anapaswa kukipeleka kwa ofisi ya hifadhi badala ya kwako. Nje ya hifadhi, mabaki ya chombo yaliyotoka baharini yana taratibu zake chini ya sheria ya usafiri wa meli ya 2003, kwa hiyo ulizia TASAC, shirika la uwakala wa meli, kwanza. Kumbuka pia kwamba Marekani haikubali kupoteza umiliki wa ndege za jeshi lake la majini kwa sababu tu zimezama.

Silaha ziko nje ya biashara hii. Bunduki ya rashasha ya ndege, hata iliyoliwa na kutu, mkanda wa risasi, fataki ya kuonyeshea ishara na kibomu cha mazoezi vyote vinaangukia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mara nyingi havijafa kama vinavyoonekana. Usivisogeze. Weka alama mbali kidogo, zuia watoto, piga simu polisi.

Upande wa biashara yenyewe unahitaji namba ya mlipakodi na leseni kutoka halmashauri ya jiji, na kama utanunua kwa mzani pamoja na mzigo mwingine wa chuma, ulizia pia masharti ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuhusu vyuma chakavu. Jiepushe na alumini iliyokatwa upya. Nyaya za umeme na vifaa vya reli huibwa na kuchanganywa na mizigo ya zamani, na polisi wakifika yadi hawatakuuliza kama wewe ni mpenzi wa historia.

Hatua ya tatu: usiuawe na kipande chenyewe

Hatua hii ndiyo inayorukwa na watu wengi, na ni heri ungeruka nyingine zote kuliko hii.

Anza na geji. Geji na saa za ndege za miaka ya 1930 na 1940 zilipakwa rangi ya radiamu kwenye tarakimu na mishale ili zing'ae gizani. Ukiikuta leo haing'ai tena, na rangi yake imekuwa ya kahawia au manjano iliyoungua, muuzaji atakuambia imekwisha nguvu. Si kweli. Kilichokwisha ni unga wa kung'aa uliochanganywa humo; radiamu yenyewe hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi, kwa hiyo iko karibu kama ilivyotoka kiwandani. Kioo kikiwa kizima hatari si kubwa kwa anayeishika mara chache, lakini kioo kikivunjika au ukiifungua, vumbi lake likiingia mapafuni au tumboni halitoki. Basi usiifungue, usikwangue tarakimu, usiisafishe kwa ndani ili ipendeze, usiiweke chumba cha kulala wala karibu na chakula, na usirundike nyingi katika kabati lisilopitisha hewa, kwa kuwa radiamu hutoa gesi nayo ina mionzi. Funga kila moja katika mfuko wa plastiki, andika juu yake, kisha wasiliana na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ili ipimwe kabla ya kuuzwa. Kuingiza au kutoa nchini kitu chenye mionzi bila kibali chao ni kosa, na bandarini na viwanja vya ndege vipo vifaa vya kuigundua.

Injini ina hatari zake. Vali za kutolea moshi za injini nyingi kubwa za ndege, zikiwemo Rolls-Royce Merlin na Pratt & Whitney R-1830 ya Dakota, zina uwazi ndani uliojazwa sodiamu ili kupoza vali. Ukiikata kwa msumeno au grainda na sodiamu ikagusa maji au jasho, hulipuka na kuwaka. Vali hiyo iuzwe nzima au iachwe. Magurudumu na vifuniko vya gia mara nyingi ni ya magneziamu, nyepesi kuliko alumini na yenye ukungu mweupe wa unga unapoikwangua. Vumbi lake huwaka kwa moto mweupe ambao maji huuzidisha, kwa hiyo weka ndoo ya mchanga mkavu karibu na usiruhusu fundi kuwasha grainda. Rangi ya chini ya manjano-kijani inayoonekana ndani ya mabawa ina kromati, ambayo ni sumu ya saratani, na kwa hiyo haipigwi msasa. Gasketi na nguo za kuzuia joto karibu na injini zinaweza kuwa na asbesto. Mitungi ya oksijeni na ya mafuta ya haidroli huenda bado ina shinikizo. Igonge kichwani mwako kabla hujaigonga kwa nyundo.

Hatua ya nne: kitambue kwa alama, si kwa umbo

Kitambulisho cha kwanza ni uzito na ukubwa. Geji za garimoshi na za boila, ambazo Tanga inazo kwa wingi tangu reli ilipoanza kujengwa mwaka 1893 na viwanda vya mkonge vilipofuata, ni za shaba nzito na pana. Geji ya ndege ni nyepesi, ya alumini au bakelaiti, na uso wake mara nyingi una kipenyo cha sentimita 8 hivi. Geji inayosoma shinikizo la mvuke tu haijawahi kuwa ya ndege, hata muuzaji aseme nini. Inayosoma mwendo huonyesha asili yake: Wajerumani waliandika kilomita kwa saa, Waingereza na jeshi la nchi kavu la Marekani maili kwa saa, na jeshi la majini la Marekani noti, yaani maili za baharini kwa saa.

Kitambulisho cha pili ni maandishi. Vifaa vya Uingereza hubeba herufi A.M. zenye taji juu yake, kwa maana ya wizara ya anga, na namba ya bohari inayoanza na alama ya kundi la vifaa. Geji za urubani kwa mfano huanza na 6A, kisha mkwaju (/) na tarakimu. Vya Marekani hubeba AN na namba, kwa maana ya jeshi la nchi kavu na la majini kwa pamoja, au namba ya mkataba na jina la kampuni. Vya Ujerumani hubeba Fl. na tarakimu tano, pamoja na msimbo wa herufi tatu wa kiwanda ambao ulitumiwa ili adui asijue kilipo. Kwenye vipande vya mwili wa ndege tafuta namba zilizogongwa kwa muhuri mdogo karibu na riveti. Vya Spitfire, ndege ya kivita ya Kiingereza, huanza na namba ya aina yake: 300 kwa toleo la kwanza, 349 kwa la tano, 361 kwa la tisa. Muhuri wa CBAF ni wa kiwanda cha Castle Bromwich, na 41H ni wa kampuni ya Hawker. Dragon Rapide na Mosquito hubeba namba za de Havilland, na Mosquito ni 98.

Kitambulisho cha tatu ni uzi wa skrubu, na hapo walaghai wengi hukamatwa. Kifaa cha Kiingereza cha wakati huo kina nyuzi za Kiingereza na skrubu za mfereji mmoja. Cha Kimarekani kinaweza kuwa na skrubu za msalaba. Cha Kijerumani kina nyuzi za metriki. Geji yenye jina la kiwanda cha London lakini skrubu zote ni za metriki imechezewa, au haikuwahi kuwa ya London. Nenda na kipimo cha nyuzi na sumaku mfukoni, na kioo cha kukuzia. Bamba la jina lililotengenezwa upya hutambulika kwa herufi zilizo sawa mno, kingo kali, na uchakavu uliopakwa kwa tindikali ambao umefika hata sehemu zisizoguswa na mkono.

Rangi nayo husema. Ndani ya ndege za Uingereza hukutwa kijivu-kijani, za Marekani manjano-kijani, za Ujerumani kijivu chenye ukijani na, katika vyumba vya marubani vya miaka ya mwisho, kijivu karibu na nyeusi. Tafuta rangi chini ya riveti na nyuma ya mabano, mahali ambapo mpaka-rangi wa miaka ya baadaye hakufika.

Kama unataka kuzoeza jicho, tembelea makumbusho ya Urithi Tanga katika jengo la zamani la boma, kisha Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Hutaona ndege, lakini utaona vyuma vya Kijerumani na vya Kiingereza vya wakati huo, na jicho linalozoea kazi ya mikono ya karakana za zamani halidanganywi kirahisi.

Hatua ya tano: nunua kwa maandishi

Zungukia yadi za skrepa asubuhi kabla mzigo haujapangwa kwenda Dar es Salaam, kwa sababu kipande kikishakunjwa na kubanwa hakina faida tena. Waeleze vijana wa yadi unachotaka kwa picha, uwalipe zaidi ya bei ya kilo kwa kila kipande chenye maandishi, na uwasihi wasikate. Ukitoa bei kubwa mno mara ya kwanza utaona kila kibati cha friji kinakuletewa kama bawa la ndege.

Kwa wazee waliokuwa mafundi, nenda kwa utaratibu mwingine. Pitia kwa kijana wa nyumba au jirani anayekufahamu, amkia kwa shikamoo, keti, na acha mazungumzo yafike kwenye vipuri yenyewe. Mzee akitaja jina la karakana, mwaka na ndege aliyoihudumia, omba ruhusa ya kuandika au kurekodi, kwa kuwa maelezo hayo yana thamani kuliko kipande. Na kama kipande hicho ni kumbukumbu ya familia, ushauri wangu ni kukiacha walipo na kuomba picha tu. Kununua kitu ambacho wajukuu watakuja kukidai ni kununua kesi.

Kwa kila kipande andika katika daftari lenye kurasa zilizounganishwa, si karatasi huru: tarehe, mahali, jina la muuzaji na namba ya kitambulisho chake, bei, vipimo, alama zote kama zilivyoandikwa, na hadithi yake kwa maneno yake mwenyewe. Andika hadithi hiyo kama hadithi, na chini yake andika tofauti kile ulichothibitisha. Kipande kikiwa cha thamani, andikeni mkataba mfupi mbele ya mtendaji wa mtaa, wenye saini na muhuri. Piga picha kabla ya kufuta hata vumbi: mbele, nyuma, pembeni, karibu na kila alama, na rula ndogo ikionekana ndani ya picha.

Hatua ya sita: hifadhi bila kung'arisha

Kipande kinachong'aa kama sufuria mpya kimepoteza zaidi ya nusu ya wanunuzi wake makini. Ndimu na majivu, ambavyo husugulia shaba za nyumbani vizuri sana, ni tindikali na msasa kwa pamoja, na huondoa rangi ya kiwandani, muhuri wa mkaguzi na maandishi ya kalamu ya mafuta ambayo huenda ndiyo yaliyokuwa ushahidi pekee. Siki na soda vina madhara hayo hayo kwenye alumini. Tumia brashi laini ya rangi na kitambaa kilicholoweshwa kidogo, basi.

Adui mkubwa Tanga ni chumvi ya hewani. Alumini ya ndege ina shaba nyekundu ndani yake ili iwe ngumu, na mchanganyiko huo unapolambwa na chumvi huliwa kutoka ndani, ukibanduka matabaka kama karatasi za kitabu kilichoroweshwa. Kipande kilichotoka baharini kisikaushwe juani. Kiweke katika ndoo ya maji baridi ya mvua au yaliyotokana na mvuke uliopozwa, badilisha maji mara kwa mara kwa wiki kadhaa hadi chumvi ipungue, ndipo kikauke taratibu kivulini. Kilichokauka kihifadhiwe katika sanduku linalofungwa vizuri pamoja na pakiti za kunyonya unyevu, mbali na chuma kingine, kwa sababu vyuma viwili tofauti vikigusana penye unyevu wenye chumvi, kimoja humla mwenzake. Usitumie gazeti kufungia. Wino wake na tindikali ya karatasi huacha alama.

Kuhusu kukata bamba la ndege kuwa vipande vidogo vya kutengenezea vishikio vya funguo, soko lake ng'ambo lipo na lina pesa. Mimi nakubaliana nalo kwa mabamba yaliyopasuka na yasiyo na alama tu. Kukata kipande chenye namba ni kuharibu kitu ambacho hakitatengenezwa tena, na mara nyingi jumla ya vipande haifikii bei ya kipande kizima kikipata mnunuzi sahihi.

Hatua ya saba: panga bei na utafute mnunuzi

Usitazame bei zinazoombwa kwenye minada ya mtandaoni. Tazama zile ambazo mauzo yake yalikamilika, kwa kuwa kuomba hakuna gharama. Linganisha kipande chenye namba ile ile na hali ile ile, kisha punguza kwa ajili ya ada ya mnada, usafirishaji na ushuru utakaolipwa na mnunuzi kwake. Geji ya kawaida ya Dakota ipo kwa wingi duniani, na bei yake ni ya chini kuliko watu wa hapa wanavyodhani. Kinachopanda bei ni kipande kinachomalizia ndege inayokarabatiwa na watu waliokosa hicho tu, na kipande chenye asili ya Afrika Mashariki iliyoandikwa vizuri, kwa sababu hivyo ni vichache.

Maelezo ya kuuzia yataje vipimo, uzito, alama zote, kasoro zote na historia iliyothibitishwa. Andika wazi kwamba kipande ni cha ukusanyaji na hakifai kurukia. Kipuri cha ndege kinachoweza kurudishwa kwenye ndege inayoruka kinahitaji hati za usafiri wa anga ambazo wewe huna, na mtu akikiweka kwenye injini kwa maneno yako, maisha yatakayopotea yatakuwa na jina lako kwenye risiti. Akija mnunuzi anayesisitiza umpe barua ya kuthibitisha uzima wa kipuri, mwelekeze TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, uachane naye.

Kwa wanunuzi wa ndani, wauzie pia makumbusho kwanza pale kipande kinapohusu historia ya Tanga au Bagamoyo moja kwa moja. Hawatalipa kama mnada wa London, lakini barua yao ya kupokea kipande kimoja huongeza imani ya wanunuzi wako wa vipande vingine vyote.

Hatua ya nane: safirisha

Tumia wakala wa forodha mwenye leseni, na umweleze kitu chenyewe bila kukificha. Katika jedwali la ushuru wa forodha kipande cha kihistoria cha mkusanyaji kiko chini ya 9705, sehemu za ndege kwa matumizi ya kawaida chini ya 8807, na alumini chakavu chini ya 7602. Kukitangaza kama skrepa ili kupunguza maswali ni kujiharibia: bima italipa bei ya skrepa kikipotea, na forodha ya mnunuzi inaweza kukizuia ikiona thamani aliyolipa. Ambatisha nakala ya jibu la Idara ya Mambo ya Kale, risiti ya kielektroniki, picha, na kwa geji, cheti cha upimaji wa mionzi. Posta na kampuni za vifurushi hazipokei kitu chenye mionzi bila kutangazwa, na nyingine hukikataa kabisa, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga sanduku.

Ndani ya sanduku la mbao, kipande kisiguse ukuta wala kipande kingine. Kizungushie sifongo, ziba mfuko wa plastiki ukiwa na pakiti za unyevu ndani, na kumbuka kwamba nchi nyingi hutaka mbao za sanduku ziwe zimetibiwa dhidi ya wadudu na kugongwa muhuri. Piga picha za hatua zote za kufunga. Kisha rudi kwenye daftari, andika tarehe, jina la mnunuzi, nchi na bei mbele ya namba ya kipande hicho, na utunze ukurasa huo pamoja na nakala za vibali, kwa sababu mnunuzi wa tatu au wa nne, miaka mingi baadaye, ndiye atakayekuandikia kuuliza kilitoka yadi ipi.